Kuku wa Noko

Tulimzika Papa Bisimwa mwezi uliopita, na kabla udongo haujakauka tulikuwa tumeshaanza kumcheka. Si ubaya. Kwetu Bukavu, kilio kisichokuwa na kicheko hata kimoja watu hudhani marehemu aliishi peke yake. Tulikuwa wanne tuliobaki kati ya wafanyakazi wa ile imprimerie, kiwanda kidogo cha kupiga chapa alikofanya kazi maisha yake yote, na sote sasa ni wazee wa kushikwa mkono kwenye ngazi. Tulikaa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai la buluu, tukanywa chai ya tangawizi, na mjane mwenyewe ndiye aliyeanza. "Mulishasahau ile kadi ya Wabiwa?" Wabiwa ni mimi. Tulicheka mpaka mtoto wa marehemu akatoka ndani kuangalia kuna nini. Vijana walitaka kuelezwa, nikawaelezea juu juu tu, maana pale hapakuwa mahali pake. Nikarudi nyumbani nikakuta mwaka ule wote umenifuata hadi jikoni, pamoja na harufu yake ya wino na samaki wa kukaanga. Basi niuandike, huenda ukaniacha.

Ulikuwa mwaka uliofuata ule ambao serikali ilituvua majina ya ubatizo. Mimi nilibatizwa Godelive, jina la huko Flandre ambalo mapadri waliligawa Kivu nzima kama chumvi, na asubuhi moja nikaamka nimekuwa Wabiwa tu. Kusema kweli sikulia. Godelive hata mama yangu lilimshinda, alikuwa akiniita Ndelive. Kila bwana akawa citoyen, yaani raia, tai zikakatazwa, na imprimerie yetu ikapata kazi isiyo na kifani, kwa sababu kila ofisi ilitaka karatasi zenye jina jipya la nchi, na kila mkubwa alitaka kadi zenye jina jipya lake mwenyewe. Mwenye kiwanda aliitwa Monsieur Achiel, Mbelgiji wa miaka hamsini na kitu, mnene, mwenye masikio mekundu, aliyefika Bukavu kabla ya uhuru na kusahau kuondoka. Alisema Kiswahili chetu vizuri kuliko baadhi ya makarani wa Kinshasa. Sisi hatukumwita Monsieur wala Citoyen. Tulimwita Noko.

Neno hili lataka maelezo, na wasomaji wa pwani nawaomba wasiliongezee herufi. Noko ni Kilingala, maana yake mjomba, ndugu wa kiume wa mama. Lilipanda kwetu na wanajeshi na nyimbo za redio, na nchi nzima iliwaita Wabelgiji hivyo: banoko, wajomba. Sijui nani alianza, wala kama alianza kwa upendo au kwa mzaha. Mjomba ni mtu anayekuja kwenu, anakula, anatoa amri, na huwezi kumfukuza kwa sababu ni mjomba. Noko wetu alilipenda jina hilo. Aliitikia hata kutoka chooni.

Chumba ninachokikumbuka zaidi si kile cha mashine, bali cha nyuma, tulikokula saa sita. Kilikuwa na dirisha moja linalotazama ziwa, meza ndefu iliyokatwakatwa na visu vya karatasi, na ukutani visanduku vya zamani vya herufi za risasi ambamo tuliweka chumvi, pilipili na vijiko. Mimi kazi yangu ilikuwa kusoma karatasi ya kwanza inayotoka na kusahihisha makosa. Papa Bisimwa, mtu wa Bushi, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, ndiye aliyepanga herufi. Alizipanga moja moja kwa vidole, haraka kuliko mwanamke anayechambua maharagwe. Saa sita tulifunua sufuria: bugali, sombe ya majani ya muhogo, na sambaza, samaki wadogo wa ziwani waliokaangwa mpaka wakawa wanavunjika. Noko alikuja na mikate yake miwili yenye jibini, akaiweka mezani, akavuta sahani ya sambaza kwake bila aibu. "Munakulaka hii jibini kweli?" alituuliza siku moja. Papa Bisimwa akajibu, "Noko, tunaipelekeaka imbwa." Noko akacheka, na kesho yake akaleta tena mikate miwili yenye jibini. Sijui mbwa wa Papa Bisimwa alikuwa mnene kiasi gani.

Mwaka huo nilikuwa nimechumbiwa na Mulonda. Alikuwa mwalimu, mrefu, mwenye soni, aliyeweza kukaa saa nzima na mimi bila kusema neno na nikarudi nyumbani nimeshiba. Nilimpenda, sina njia nyingine ya kulisema. Alikuwa amepangiwa kufundisha Shabunda shule zikifunguliwa, na Shabunda wakati ule ukienda umekwenda. Ama tuoane kabla, ama aende peke yake, na mtu anayekwenda peke yake mahali kama pale harudi vilevile. Mahari yalikuwa tayari. Kilichokosekana ni mjomba. Kwetu Urega, mahari hayapokelewi mpaka ndugu wa mama akae kwenye mkeka na kuulizwa kama ana neno moyoni juu ya ukoo. Akiwa nalo alitoe. Ukoo nao ukiwa na neno juu yake, siku hiyo ndiyo ya kulisema, naye hulifuta kwa kuku. Baada ya hapo ndipo anakula mbuzi wake na kumbariki binti. Neno likibaki moyoni, tumbo la binti hufungwa. Mjomba wangu pekee alipotea msituni wakati wa uasi, na upande wa mama hapakubaki mwanamume hata wa kusingizia. Ukoo ulikuwa bado unatafuta, na mwezi ulikuwa unaisha.

Mulonda alileta maneno ya kadi ya mwaliko kiwandani siku ambayo mimi nilikuwa nimelala na malaria. Mahali pa mjomba aliacha wazi, akamwambia Papa Bisimwa, "Papa, apa tutaweka noko." Alimaanisha: tukishampata. Papa Bisimwa aliona huruma kumrudisha kijana na karatasi yenye shimo. Nilipopona na kurudi kazini, kadi mia moja zilikuwa zimeshagawanywa bila Mulonda kuzisoma, hadi Mwenga, hadi Kamituga, na katikati, kwa herufi nzuri za kulala, zilitangaza kwamba binti Wabiwa anaolewa kwa baraka za noko wake, Citoyen Achiel. Papa Bisimwa alinitazama juu ya miwani yake, ameshangaa kweli kweli. "Aliniambia niweke noko," alisema. "Mi najua noko moya tu."

Noko alipoonyeshwa kadi alicheka mpaka akakaa chini kwenye robota la karatasi. Kisha akafuta macho, akauliza, "Na noko anafanyaka nini?" Papa Bisimwa, ambaye kwao Bushi mambo haya hayana uzito kama kwetu, akamjibu, "Anakula mbuzi." "Ile nitaweza," akasema Noko. Mimi sikucheka. Nilijua ile kadi imefika Kamituga, na kule kuna Baba Mukubwa.

Baba Mukubwa Kitoga, kaka yake baba yangu, ndiye mkubwa wa ukoo. Hakujua kusoma, na kwa sababu hiyo aliheshimu kilichoandikwa kuliko sisi tuliosoma. Katekista alimsomea kadi, naye akapanda lori la wafanyabiashara wa ndizi, siku mbili za matope, akashuka Kadutu, mtaa wa Bukavu uliojengwa mlimani, kwa shangazi yangu Maman Furaha nilikokuwa nikiishi, kadi ikiwa imefungwa kwenye jani la mgomba isilowe. Nilipiga magoti, nikaanza kueleza kwamba ni kosa, tutapiga chapa nyingine. Alinyoosha mkono. "Apana, mwana. Imeandikwa. Bantu bote baliisoma. Kila siku munasema banoko, banoko. Sasa huyu atakaa ku mukeka na atajibia kama noko. Akikataa, sipokei doti, sipokei mahari ya mutu." Shangazi akamwambia huyo ni mzungu, hajui desturi. "Atajifunza," akasema Baba Mukubwa. "Siye tulijifunza yao." Akaomba maji ya kunawa, akahesabu ndizi alizotuletea: un, deux, trois, hadi huit, halafu tisa, kumi, kumi na moja. Ndivyo alivyohesabu kila kitu siku zote, Kifaransa mpaka nane kisha Kiswahili. Tangu utoto tulikuwa tunamwiga na kuchekelea.

Kwa hiyo ndoa yangu yote ikawa mikononi mwa mtu mmoja mwenye masikio mekundu. Nilimweleza Noko kila kitu, mkeka, neno, kuku, na nikamwambia ana haki ya kukataa. Alisema atakuja. Siku mbili baadaye nilikuwa nasoma karatasi nyuma ya ukuta wa mbao nikamsikia mzungu mwenzake, mwenye shamba la kwinini, akimkanya kwa Kifaransa. "Achiel, unajifanya kichekesho. Ukikaa kwenye mkeka ule watakudai makosa yetu sote." "Napenda mbuzi," akajibu. Mwenzake akatoka bila kuaga, na mimi nikarudia mstari uleule mara tano bila kuuona.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, na nyumba ya Maman Furaha ikafurika mpaka watu wakakaa kwenye njia, na Kadutu unajua, ukikaa njiani unakaa na miguu yako juu ya paa la jirani. Upande wa Mulonda walivaa vizuri. Mbuzi alikuwa tayari chunguni na harufu yake ilitutesa sote. Noko alikuja kwa miguu, bila tai, amevaa kofia, Papa Bisimwa akimtangulia kama mshenga. Alikaa mkekani kwa shida, tumbo lilimzuia kukunja miguu, na wamama wakajifunika midomo kwa vitenge. Baba Mukubwa hakutabasamu. Aliuliza kama inavyoulizwa. "Noko, uko na neno mu roho juu ya jamaa yetu?"

"Sina neno, muzee."

"Mimi niko nayo."

Kelele zikakatika hadi njiani. Baba Mukubwa akaanza kuongea bila haraka. Alikuwa kijana, alisema, anafanya kazi kwenye mgodi. Habari ilifika kwamba mama yake amekufa. Aliomba ruhusa, hakupewa, akaenda kumzika bila ruhusa, siku tatu, akarudi mwenyewe kazini. Mzungu wa kambi akawaita wafanyakazi wote, na wake zao, na watoto. Akalazwa chini, akavuliwa. Aliyeshika kiboko alikuwa askari mweusi. "Lakini muzungu njo alikuwa anahesabu. Kwa sauti, bantu bote basikie. Un. Deux. Trois." Baba Mukubwa alihesabu yote, mpaka huit, kwa sauti ileile aliyohesabia ndizi. "Njo Kifaransa yangu yote. Hapo njo iliishia." Shangazi alianza kulia. Mimi nilikuwa nimekaa nyuma ya pazia na dada zake Mulonda, na nilijiona mtoto, natembea nyuma yake uani, namwiga, un, deux, trois, na yeye anatuacha tucheke. Aibu niliyoipata pale sijaipata tena.

Noko alikuwa ameiva uso mzima. "Muzee," alisema, "haikukuwa mimi. Ile wakati nilikuwa bado kwetu. Nilikuwa mutoto wa masomo."

Niliona baba yake Mulonda anatazama mlango, na nikajua yamekwisha. Ni Maman Furaha aliyejibu, machozi bado yanamtoka, kwa upole kabisa, kama anavyofundishwa mgeni mahali pa kuweka viatu. "Noko anajibiaka bandugu yake, papa. Ile njo kazi ya noko. Kama anajibia yake tu, ni mupita-njia."

Noko alitazama mikono yake. Halafu akainuka, kwa kusukumwa na Papa Bisimwa, akavuka miguu ya watu, akatoka. Hakuaga. Tulisikia viatu vyake vinateremka, kisha hatukusikia. Mvua ikaanza. Mbuzi akaondolewa motoni. Upande wa Mulonda wakaanza kunong'ona, kwanza chini chini, kisha kwa sauti, mmoja akasema mzungu amekimbia na nani angemlaumu. Mulonda alikuja akasimama upande wa pili wa pazia. "Wabiwa," akasema. "Niko hapa." Ilipita saa moja, ikapita nyingine. Baba Mukubwa hakusogea kwenye mkeka hata kunyoosha mgongo.

Kwanza tulisikia wamama wa njiani wanapiga kelele, halafu kuku. Noko aliingia amelowa chapachapa, kofia haipo, matope hadi magotini, na chini ya koti amekumbatia tetea mwekundu aliyekuwa akimdonoa kidevu. Soko lilikuwa limefungwa kwa mvua. Alikuwa amebisha hodi nyumba kwa nyumba, Kadutu nzima, akieleza kwa kila mlango kwamba yeye ni mjomba na anahitaji kuku. "Nilitafuta ile inatagaka," alisema akihema. Akapiga magoti, vibaya, akamnyooshea Baba Mukubwa kuku kwa mikono miwili. "Muzee. Juu ya fimbo munane. Juu ya bandugu yangu. Unisamehe."

Baba Mukubwa alimpokea kuku. Alimpapasa kifua kama anavyofanya mnunuzi, akamfunga mguu kwenye mguu wa kiti. "Ikala, noko," akasema, akimwonyesha mahali pa kukaa mkekani. "Mbuzi itakuwa baridi." Nyumba ikalipuka kwa vigelegele. Noko alikula paja zima na bugali, kwa vidole, na jioni akaweka mkono kichwani pangu akasema maneno aliyofundishwa na Maman Furaha, akiyakosea karibu yote. Desturi inataka kuku yule achinjwe siku hiyohiyo. Baba Mukubwa hakumchinja. Jumatatu alipanda lori naye mkononi, na katika furaha ile hakuna aliyeuliza.

Tulikwenda Shabunda. Mwisho wa mwaka redio ilitangaza kwamba biashara za wageni zitakabidhiwa raia, na imprimerie ikapewa mtu ambaye, kwa maneno ya Papa Bisimwa, hakujua wino unaingilia wapi. Noko alivuka daraja la Ruzizi, mpakani, na masanduku mawili. Sikuwepo kumuaga. Nilikuwa mbali, na tayari nilikuwa na mimba.

Nilijifungulia Kamituga kwa Baba Mukubwa, mtoto wa kike mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Barua ya Noko ilinikuta huko, imezunguka miezi. Aliishi sasa kwao Ubelgiji, ghorofa ya tatu, na mkewe ambaye sisi hatukuwahi kumwona, hana kazi, anasema kwenye duka la samaki alikuwa ameuliza sambaza wakamwona kichaa. Alitaka kujua kama mtoto amezaliwa, na mjomba anapaswa kufanya nini. Nilimsomea Baba Mukubwa uani, akiwa ameketi kati ya kuku wake. "Andika," alisema. "Mutoto iko, ananyonya muzuri. Andika: kuku yake sikuichinja. Ilitaga, ikaangua, hii yote ni batoto yake." Akatupa punje za mwisho za mtama. "Andika: nilipokea kuku juu Wabiwa azae. Haikukuwa juu yangu. Fimbo ingali mu mugongo, asifikiri imeisha. Ile, anijibie."

Niliandika habari za mtoto. Niliandika habari za kuku. Nilipofika kwenye fimbo nilimwona Noko kwenye ghorofa yake ya tatu, hana kiwanda, hana ziwa, na huruma ikanishika mkono. Nikaandika salamu mahali pake. "Umeandika yote?" akaniuliza Baba Mukubwa. Nikasema ndiyo, baba, yote, nikailamba bahasha.

Jibu lilifika kabla mtoto hajatembea. "Mwambie mzee nimefurahi mno kusikia kuku wake amezaa," aliandika Noko. "Nilikuwa na hofu kwamba kuku mmoja hakutosha. Nilikuwa nikingoja aniambie. Ningekuwa na mengi ya kumjibu." Nilisoma mstari ule nimesimama, na sikukaa chini siku nzima. Baba Mukubwa aliniuliza Noko amesema nini juu ya lile neno. Nilimwambia amesema amesikia.

"Njo yote?"

"Njo yote, baba."

Alitikisa kichwa polepole, akaendelea kuwatupia kuku mtama. Aliniuliza tena mwaka uliofuata, na mwingine, na karibu na kufa kwake, na kila mara nilimpa jibu lilelile. Noko naye alikufa huko kwao. Mkewe alinitumia kadi yenye ukingo mweusi. Walikuwa tayari kusemezana, wale wazee wawili, na mimi ndiye niliyewazuia.